Umefanya kwa Nani?

Leo studioni sina mgeni. Nilicho nacho mezani ni kurasa 86 za fotokopi nilizotoa Oyugis kwa shilingi 10 kila ukurasa. Ni daftari la mahudhurio ya vibarua. Katika zaidi ya nusu ya kurasa hizo limo jina la mdogo wangu, limeandikwa kwa penseli: mara "fundi maji", mara "plamba", mara kwa jina la utani ambalo sitalitamka hewani kwa sababu mama yake husikiliza kipindi hiki.

Nikisema mdogo wangu nina maana ya mtoto wa baba mdogo. Huyu bwana alifanya kazi ya bomba miaka 11 katika pande zetu hizi za Homa Bay na Migori. Nyumba za kupangisha Oyugis na Kendu Bay, mabweni ya shule upande wa Awendo, lojingi moja kule Mbita, na nyumba za watu binafsi ambazo hata mwenyewe hazikumbuki zote. Ukifungua mfereji Rongo na maji yakaja bila kutema hewa, huenda mkono wake umepita hapo. Sasa yuko Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada, na kazi yake ni kupanga maboksi ghalani usiku.

Aliponipigia ilikuwa Jumapili, saa nne za usiku kwetu, kwake saa tisa alasiri. Hakuuliza habari ya mvua wala ya ng'ombe. "Omera," akaniambia, "natafuta saa elfu tisa."

Nikadhani laini inakatika.

Laini ilikuwa nzima. Ontario kazi ya bomba ni kazi ya leseni kwa lazima. Huwezi kubeba spana ukaingia jikoni kwa mtu ukalipwa, isipokuwa uwe na cheti chao cha ufundi, au uwe umeandikishwa kama mwanagenzi. Chombo kinachosimamia mambo haya kinaitwa Skilled Trades Ontario, kilianza kazi Januari 2022, na katika orodha yao fundi wa bomba ana namba yake, 306A, utadhani ni chumba cha wodi. Mwanagenzi wa kule huhesabiwa saa 9,000: saa 8,280 akiwa kazini na saa 720 darasani. Wewe uliyejifunzia kwingine hulazimishwi kuanza upya, ila sharti uonyeshe kwamba uliwahi kufanya kazi ya kiasi hicho. Wakiridhika na faili lako ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani, na alama ya kupita ni asilimia 70.

Tupige hesabu pamoja. Saa 9,000 ukizigawa kwa siku ya saa nane unapata siku 1,125. Kwa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki, hiyo ni miaka mitatu na miezi saba hivi. Mdogo wangu ana miaka 11. Kwa hiyo saa anazo, tena za kumwaga. Shida ni kwamba zimo ndani ya kuta za watu, zimepigwa plasta na kupakwa rangi.

Hapa kwetu, msikilizaji, fundi haulizwi cheti. Najua sheria ipo. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 inataka mafundi wa ujenzi wasajiliwe, na kaunti nazo zina vibali vyake vya biashara. Lakini wewe uliyejenga juzi pale Ndhiwa, hebu sema ukweli, ulimuuliza fundi wako karatasi gani? Ulimuuliza swali moja: umefanya kwa nani? Naye akakujibu, nimefanya kwa mwalimu fulani, kwa daktari fulani, nenda ukaone. Ukaenda, ukafungua mfereji, ukavuta choo, ukainama chini ya sinki kuangalia kama kuna unyevu. Hiyo ndiyo leseni yetu, na mimi siidharau. Fundi aliyeharibu kazi Rangwe habari zake hufika Oyugis kabla yake.

Jambo lililonishangaza ni kwamba Ontario nao wanauliza swali lilelile. Umefanya kwa nani? Tofauti ni kwamba hawawezi kuja kuinama chini ya sinki la mwalimu. Wanataka huyo mwalimu aandike. Barua iwe ya kampuni, iseme kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, saa ngapi, na kazi zenyewe ni zipi: kulaza bomba la maji safi, la maji machafu, kufunga tangi, kuunganisha pampu. Na kontrakta wetu wa kawaida ofisi yake ni simu na pikapu. Atatoa wapi karatasi yenye nembo?

Basi nikaanza kuzunguka.

Mtu wa kwanza nilimwendea Migori mjini. Mdogo wangu alimfanyia kazi miaka minne mfululizo. Alinipokea vizuri, akaagiza chai na mandazi, akamsifu kijana mpaka nikaona haya. Nikamwomba barua. Akanyamaza. Akazungusha kikombe. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: "Jaduong', nikiandika kwamba nilimwajiri miaka minne, je, wakiniuliza NSSF yake iko wapi?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika, lakini njiani nikamwelewa. Mwajiri kwa sheria anapaswa kumchangia mfanyakazi wake NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na anapaswa kupeleka shilingi 50 za kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwenye mfuko wa mafunzo unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Shilingi 50, bei ya vikombe viwili vya chai kibandani. Asiyepeleka hataki kuacha alama. Kwa hiyo fundi hulipwa mkononi jioni, kontrakta hulala salama, na miaka minne ya mtu inapotea bila hata risiti. Anayelipia ukimya huo ni fundi, siku ambayo anahitaji kuthibitisha kwamba aliwahi kuwepo.

Niruhusu nitoke nje ya barabara kidogo. Wazee wetu walikuwa na karatasi ya mwajiri, na waliichukia kwa haki. Kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, na mwanamume Mwafrika akalazimika kukivaa shingoni ndani ya kibati, kimeandikwa kazi aliyofanya na kwa nani. Bwana asipotia sahihi unapoondoka, wewe ni mtoro, utakamatwa. Desemba 1921 watu walipokutana Lundha, kule Gem, katika ile harakati tunayoiita Piny Owacho, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo waliyotaka yaondolewe. Walikuwa sahihi. Lakini wakati mwingine nahisi chuki ile tuliirithi bila kuichambua. Karatasi iliyomfunga babu, mjukuu anaililia Hamilton, na safari hii ni mwajiri anayeikimbia.

Turudi barabarani. Shule moja upande wa Awendo ilinisaidia. Mhasibu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniambia nirudi Alhamisi, na nilipokuja Alhamisi alikuwa ameshavitoa vitabu vya malipo. Siku 96 za kazi katika likizo kadhaa za ujenzi wa mabweni, na barua yenye muhuri wa shule. Siku 96 ni saa 768. Nilitoka pale nikihisi nimevua mbuta.

Kule Mbita lojingi imeshauzwa, mwenye mpya hamjui mtu. Zahanati moja, ambayo siitaji, ilinituma dirisha hadi dirisha asubuhi nzima mpaka nikasahau nilichofuata.

Sasa, msikilizaji, huenda unajiuliza kama hawa watu wa Ontario hawasumbui mtu bure tu. Fundi ni fundi, maji ni maji. Mimi pia nilisema hivyo, na mdogo wangu ndiye aliyenirekebisha.

Nimewahi kumshikia tochi akiunganisha paipu za PPR, zile za plastiki nzito tunazotumia siku hizi. Ile mashine yake inapashwa mpaka nyuzi 260. Anaingiza ncha ya paipu upande mmoja na soketi upande wa pili, midomo inahesabu kimyakimya, moja mpaka tano kwa paipu ya milimita 20, anavichomoa, anavisukuma pamoja bila kuvizungusha, anashikilia. Pete ndogo ya plastiki iliyoyeyuka inajitokeza pande zote sawasawa, kama mdomo wa chungu. Ikijitokeza upande mmoja tu, anakata, anaanza upya. Sikumwona akipima kwa saa hata mara moja. Ukimnyima mtu huyu jina la fundi, mimi na wewe hatusikilizani.

Lakini kitabu cha mtihani alichopewa Hamilton kina mambo ambayo mikono ile haijawahi kuyagusa. Ardhi ya kule huganda. Bomba la maji wanalizika chini kiasi cha mita 1.2 ili barafu isilifikie, wakati sisi hapa jembe la mkulima linaliona. Baadhi ya nyumba hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba, na anayekosea hapo hamwagi maji tu, analipua chombo. Kuna bomba za shaba za kulehemu. Halafu kuna habari ya mabomba ya kupumulia. Unalijua lile bomba lililopinda chini ya sinki, linaloshika maji kidogo ili harufu ya choo isirudi ndani? Kule wana kanuni nzima ya namna hewa inavyopaswa kuingia kwenye mfumo ili yale maji kidogo yasinyonywe. Urefu, kipenyo, mwinamo, vyote vina namba. "Huku kwetu nilikuwa naweka bomba moja juu ya paa, basi," akaniambia. Na hata akipata leseni hiyo, gesi haigusi, maana gesi ina leseni yake nyingine.

Kwa hiyo mtihani siupingi. Ajinyime usingizi, asome. Kinachonikera ni lile lango la kabla ya mtihani, ambapo anayejua na asiyejua wanarudishwa pamoja kwa kukosa barua. Na siwezi kulilaumu lango peke yake wakati ufunguo ulikuwa wa kuchongwa huku.

Siyo Ontario peke yake. Texas, Marekani, fundi wa bomba anayetaka leseni ya journeyman, yaani fundi aliyemaliza uanagenzi, anadaiwa saa 8,000 kabla ya mtihani. Ujerumani, ambako Kenya ilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, cheti chako hulinganishwa na chao kipengele kwa kipengele, na ukitaka kufungua kampuni yako mwenyewe ya mabomba kwa kawaida sharti uwe na cheo cha Meister, fundi bingwa. Vijana wengi walisikia Berlin wakaenda kutafuta pasipoti. Wachache walikwenda kutafuta cheti.

Ghuba ni hadithi nyingine. Dubai, Doha, fundi wetu mara nyingi hafanyi kazi kwa leseni yake. Leseni ni ya kampuni, yeye ni jina kwenye viza. Anafunga mabomba kwenye majengo ya ghorofa arobaini, anarudi Rongo na televisheni na mashine nzuri ya kuchomea paipu, bila ukurasa mmoja unaosema alifanya nini. Ukiwa huko unanisikiliza kwa simu, usipande ndege kabla ya kupata barua ya uzoefu, na kazi zako ziorodheshwe. Cheo peke yake hakitoshi.

Na usidhani ni lazima uvuke bahari ndipo haya yakupate. Nenda Isebania. Vuka kwa miguu, uko Sirari, nchi nyingine. Fundi wa Tarime ana cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, wetu ana cha NITA, wote wanaunganisha paipu ileile kutoka duka lilelile. Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na inazungumzia nchi kutambuliana sifa za kitaaluma. Wahasibu walipata makubaliano yao. Wasanifu majengo wakapata. Wahandisi wakapata, madaktari wa mifugo wakapata. Fundi wa bomba, yule hasa ambaye angevuka asubuhi na kurudi jioni na begi la spana, hakuwa mezani. Mwaka 2025 mwezi wa Julai Tanzania ilipotoa orodha ya biashara ndogo ambazo wageni hawaruhusiwi, saluni na kutengeneza simu zikiwamo, kulikuwa na kelele nyingi huku kwetu. Bomba halikutajwa kwa jina. Lakini ukiwauliza mafundi wa Isebania, watakuambia mashaka hayahitaji kutajwa kwa jina.

Basi anayepanga kuondoka afanye nini? Mdogo wangu, kwa bahati, alikuwa na kitu kimoja: cheti cha NITA gredi ya 3. Mtihani huo watu huuita gredi tesiti, una gredi ya 3, ya 2 na ya 1, na unaweza kuufanya hata kama ujuzi wako uliupata kwa kubebea fundi mwingine begi. Aliufanya kwa sababu rafiki yake alikuwa anakwenda Kisumu kuufanya, akaona amsindikize. Hakupanda tena mpaka gredi ya 1, na sasa anajuta. Kwa aliye jirani na Kendu Bay, chuo cha ufundi cha Mawego kiko hapo. Na kuna hili jambo la kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambalo mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, inalisimamia: unapimwa kwa unachoweza kufanya bila kujali ulikalia dawati gani. Fanya hayo ungali hapa, wakati nauli ni ya matatu. Na kila kazi ukiimaliza, kabla rangi haijapakwa, piga picha ya mabomba ukutani, mwombe mwenye nyumba mistari mitatu na sahihi. Atakucheka. Mwache acheke, mradi ameandika.

Sasa nije kwa daftari.

Kontrakta aliyemtumia mdogo wangu muda mrefu kuliko wote alikuwa mzee wa Oyugis, na amekwishafariki. Nilikwenda kwa mjane wake nikiwa nimeshakata tamaa. Mama alinisikiliza, akaingia chumbani, nikasikia sanduku la bati likiburutwa. Akatoka na daftari la jalada jeusi, kona zimeliwa na mende. Marehemu alikuwa mtu wa kuandika. Kila siku, kila kibarua, alama ya vema au msalaba, na pembeni kazi iliyofanyika: "kutoboa ukuta", "tangi juu", "choo 4". Tangu 2013 hadi 2018.

Tulihesabu pamoja, mimi na yeye, kwa kidole, mchana kutwa. Siku 611 za mdogo wangu. Saa 4,888. Ukijumlisha na za shule, 5,656. Hazifiki 9,000. Pengine wataniambia hata hizi za penseli hazina nembo. Mdogo wangu anasema zikikataliwa ataomba kuandikishwa mwanagenzi na apunguziwe saa humo humo kadiri watakavyokubali, mtu wa miaka 38 abebee begi kijana wa miaka 22. Alilisema hilo bila uchungu. Uchungu ulikuwa wangu.

Mama aliniruhusu kutoa fotokopi kwa sharti moja, nilirudishe siku hiyo hiyo. Daftari lile, akaniambia, ndimo walimoandikwa pia watu wanaomdai marehemu na wanaodaiwa naye, na mashauri mawili bado hayajaisha. Nikalirudisha jua likizama. Akalifungua mbele yangu, akalamba kidole, akafika ukurasa wa 31, akanionyesha. Machi 2016. Alama sita za vema mbele ya jina la mdogo wangu, na chini yake, kwa mwandiko uleule: "Advansi 1,500. Atamaliza Ijumaa."

"Nyathina," akasema, "hiyo Ijumaa bado haijafika."

Usiku nikampigia Hamilton. Nikamuuliza kama ule ukurasa tuutume au tuuache, maana una deni. Akacheka sana, akaniambia tuutume, siku sita ni saa 48. Asubuhi ya pili M-Pesa ya mama ikalia.